Jinsi ya kutambua postikadi ya Kijapani ya sherehe za ushindi: geuza mgongo kwanza

Ninatumiwa picha za postikadi hizi mara kwa mara, na karibu kila mara naonyeshwa upande mmoja tu, ule wenye picha. Kuna tao la majani mabichi, kuna umati na kandili za karatasi, kuna bendera ya jua lenye miale. Chini yake mwenye kadi ameandika kwa uhakika kabisa: "Japani, Vita vya Pili vya Dunia." Mara nyingi amekosea kwa miaka karibu 40.

Kinachowaponza watu ni bendera. Jeshi la nchi kavu la Japani lilianza kuitumia ile yenye miale mwaka 1870, na jeshi la majini mwaka 1889. Imo kwenye kadi za 1905 kama ilivyo kwenye za 1942, hivyo haikusaidii kujua mwaka. Kinachosaidia ni upande wa pili, yaani mgongo, pale pa kuandikia anwani, ambao wengi hawaugeuzi kabisa.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Huhitaji kujua Kijapani. Unahitaji kulinganisha maumbo ya herufi kwa utulivu, kama unavyolinganisha ufunguo na kitasa.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujagusa kadi

- Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya sonara.
- Tochi ya mwanga wa zambarau, ile ile ya kukagulia noti bandia.
- Rula yenye milimita.
- Penseli laini (2B) na daftari. Weka kalamu zote za wino mbali na meza.
- Skana, au simu yenye kamera nzuri na sehemu yenye mwanga wa mchana usio wa jua kali.
- Karatasi nyeupe safi ya kutandika mezani.
- Mifuko angavu ya poliesta au polipropilini, na bahasha za karatasi isiyo na asidi.

## Hatua ya 1: Safisha mikono, kisha piga picha pande zote mbili

Osha mikono, ikauke kabisa. Kwa kadi ya karatasi iliyochapwa, mikono mikavu ni bora kuliko glavu za kitambaa, kwa sababu glavu hunasa kwenye pembe zilizochanika. Kama kadi ni fotografia halisi, yenye uso laini unaong'aa, vaa glavu za nitrile. Alama ya kidole kwenye fotografia haitoki.

Skani pande zote mbili kwa dpi 600. Pima pia ukubwa: kadi za kawaida za kipindi hiki zina takriban sentimita 14 kwa 9. Iliyo ndogo kuliko hapo huenda imekatwa kingo ili iingie kwenye albamu. Kubwa zaidi ina maswali ya kujibu.

Tahadhari: kama kadi imebandikwa kwenye albamu, usiivute na wala usiilowanishe. Rangi za mkono za kadi nyingi za Kijapani huchuruzika zikikutana na maji. Piga picha hapo hapo ilipo.

Umefaulu ukiwa na picha mbili zinazosomeka hadi herufi ndogo kabisa ya pembeni, na kadi imerudi mezani salama.

## Hatua ya 2: Soma mgongo

Hatua hii ndiyo inayobeba kazi nzima, kwa hiyo usiifanye kwa haraka.

Serikali ya Japani iliruhusu watu binafsi kuchapisha postikadi Oktoba 1900. Tangu hapo sheria za posta zilibadilisha sura ya upande wa anwani mara kadhaa, na kila badiliko liliacha alama. Tazama mambo mawili: mstari unaogawa upande huo, na maneno yaliyochapwa juu yake.

Hakuna mstari wowote. Upande mzima ni wa anwani. Hii ni kadi ya 1900 hadi 1907. Ujumbe haukuruhusiwa upande huu, ndiyo maana utaona watu wameandika juu ya picha, pembeni mwa tao au angani juu ya meli. Usiuhesabu uandishi huo kuwa uharibifu.

Mstari upo, na sehemu ya ujumbe ni theluthi moja tu. Ni ya 1907 hadi 1918. Pima kwa rula. Macho hudanganya, na theluthi huonekana kama nusu, kadi ikiwa imechakaa.

Mstari uko katikati. Ni ya 1918 au baadaye. Sasa nenda kwenye maneno.

Juu ya mgongo yamechapwa maneno yanayomaanisha "kadi ya posta". Kabla ya mwisho wa vita mwaka 1945 yaliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa jicho letu lililozoea kuanzia kushoto, yanaonekana hivi:

きかは便郵

Tazama herufi ya pili kutoka kushoto, か. Kama iko tupu hivyo, kadi iliyogawanywa nusu kwa nusu ni ya 1918 hadi 1933. Kama ina vistari viwili vidogo begani upande wa kulia, yaani が, basi ni ya 1933 hadi 1945:

きがは便郵

Na kama maneno yamegeuka, yanaanza kushoto kwenda kulia, 郵便はがき, umeshika kadi iliyochapwa baada ya vita, hata kama picha yake ni ya 1905.

Tahadhari: vistari hivyo viwili ni vidogo kama chembe za chumvi, na uchafu unaweza kuviiga. Vitazame kwa lenzi. Pia usitegemee mpaka mkali kama wembe katika mwaka wa mabadiliko, maana karatasi iliyokwisha kuchapwa haikutupwa siku sheria ilipobadilika. Kadi ikiangukia mpakani, andika "karibu 1907" au "karibu 1933", kisha subiri ushahidi mwingine.

Usipotoshwe na maneno ya Kifaransa *Carte Postale* au *Union Postale Universelle*. Kifaransa kilikuwa lugha ya Umoja wa Posta wa Dunia, na kadi za Japani ziliyabeba maneno hayo kwa kawaida.

Umefaulu ukiweza kuandika kwenye daftari kipindi kimoja kati ya vitano, bila kuwa umetazama picha.

## Hatua ya 3: Linganisha kipindi na ushindi

Kipindi kikishajulikana, orodha ya ushindi unaowezekana hupungua ghafla.

1900–1907. Sherehe za ushindi hapa ni za vita vya Japani na Urusi, 1904–1905. Vita vya Japani na China vya 1894–1895 vilimalizika kabla postikadi za watu binafsi hazijaruhusiwa, kwa hiyo usivitafute hapa. Tarehe za kukumbuka: Port Arthur, bandari ya China iliyokuwa mikononi mwa Warusi, ilisalimu amri mwanzoni mwa Januari 1905, Mukden, mji wa kaskazini-mashariki mwa China, ulianguka Machi 10, mapigano ya bahari ya Tsushima yalikuwa Mei 27 na 28. Meli nyingi za Kirusi zilizozama Tsushima zilikuwa zimetia nanga kisiwa cha Nosy Be, kule Bukini (Madagaska), miezi michache tu kabla. Msafara ule ulipita kwenye bahari yetu.

1907–1918. Tafuta Qingdao, bandari ya Wajerumani nchini China, iliyotekwa Novemba 7, 1914.

1918–1933. Ushindi mpya ni wa mwishoni mwa kipindi: Manchuria kuanzia Septemba 1931, na Shanghai mwanzoni mwa 1932.

1933–1945. Nanjing, Desemba 13, 1937. Hankou, Oktoba 1938. Singapore, Februari 15, 1942.

Tahadhari kubwa: kumbukumbu za miaka. Machi 10 iliadhimishwa kama Siku ya Jeshi na Mei 27 kama Siku ya Jeshi la Majini, mwaka baada ya mwaka. Kuna kadi za Tsushima zilizochapwa 1930 kwa kutimiza miaka 25, na nyingine 1935 kwa miaka 30. Picha inasema 1905, mgongo unasema 1935. Mgongo ndio wenye haki. Tafuta herufi 周年, "kutimiza miaka", pamoja na 二十五 (25) au 三十 (30).

Umefaulu ukibaki na ushindi mmoja au miwili inayowezekana.

## Hatua ya 4: Soma maneno yaliyo chini ya picha

Hapa simu huwaangusha watu. Programu ya kutafsiri kwa kamera husoma maandishi ya mlalo kuanzia kushoto, wakati ya kadi za zamani yanaanzia kulia. Matokeo yake ni upuuzi, au mbaya zaidi, sentensi nzuri isiyo na ukweli wowote.

Fanya hivi badala yake. Nakili herufi moja moja kuanzia kulia, kwa kuchora na kidole kwenye kibodi ya simu inayotambua mwandiko. Zikishakaa katika mpangilio sahihi, ndipo uzitafsiri. Maandishi ya wima husomwa juu kwenda chini, na mistari yake huanzia kulia pia.

Herufi utakazokutana nazo mara nyingi:

- 凱旋: kurudi kwa ushindi. 凱旋門 ni tao la ushindi.
- 祝捷, 祝勝 au 戰捷: kusherehekea ushindi vitani.
- 提灯行列: maandamano ya kandili.
- 花電車: tramu iliyopambwa kwa maua na taa.
- 觀艦式: gwaride la meli za kivita. 觀兵式: gwaride la askari.
- 陷落: kuanguka kwa mji.
- 紀念: kumbukumbu.
- 旅順 Port Arthur, 奉天 Mukden, 日本海海戰 Tsushima, 靑島 Qingdao, 南京 Nanjing, 漢口 Hankou, 昭南島 Singapore, kwa jina ililopewa na Wajapani.

Angalia umbo la herufi zenyewe. 戰, 觀 na 陷 ni maumbo ya zamani. Maumbo mepesi, 戦, 観 na 陥, yalifanywa rasmi baada ya vita. Kadi inayojiita ya 1905 ikiwa na maumbo mepesi yaliyochapwa kwa mashine, itilie shaka, ingawa hilo peke yake halitoshi kuihukumu.

Halafu kuna mwaka. Wajapani walihesabu kwa enzi ya mfalme. Kwa Meiji ongeza 1867, kwa Taisho ongeza 1911, kwa Showa ongeza 1925. Meiji 38 ni 1905. Tarakimu ni 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十, moja hadi kumi, na 三十八 ni kumi tatu na nane.

Maneno yanayowakwamisha wengi ni 明治三十七八年戰役. Watu husoma "mwaka 378" na kuchanganyikiwa. Maana yake ni "vita vya mwaka wa 37 na 38 wa Meiji", yaani 1904–1905. Ukiyaona pamoja na 紀念 na 遞信省發行, umepata kadi iliyotolewa na Wizara ya Mawasiliano yenyewe, katika mfululizo rasmi wa kumbukumbu za vita vile. Binafsi nazipenda hizi kuliko zote: fremu zake zina mikunjo ya maua na mawimbi iliyochorwa na mtu aliyejali kila milimita.

Umefaulu ukiwa na maneno yote kwa mpangilio sahihi, na tukio au mji umetajwa.

## Hatua ya 5: Stempu na muhuri wa posta

Stempu ikiwepo, angalia thamani yake. Kutuma postikadi ndani ya Japani kuligharimu sen 1½ (sen ni sehemu ya mia ya yen) tangu 1899 hadi 1937, kisha sen 2 hadi 1944. Kadi yenye stempu ya sen 1½ haiwezi kuwa imetumwa kwa shangwe za Nanjing.

Muhuri huandika mwaka, mwezi, siku. 38.10.23 ni Oktoba 23, 1905, siku ya gwaride la meli za ushindi katika ghuba ya Tokyo. Lakini namba ndogo zina utata: mwaka 8 unaweza kuwa Taisho 8 (1919) au Showa 8 (1933). Mgongo wa kadi unaumaliza utata huo.

Kuna stempu mbili zinazofunga mjadala zikionekana. Moja ni ya sen 1½ au sen 3 iliyotolewa Aprili 29, 1906, kwa ajili ya gwaride la askari la siku iliyofuata kule Aoyama, Tokyo. Nyingine ni stempu ya kawaida iliyopigwa chapa ya kuanguka kwa Singapore, iliyotoka Februari 16, 1942.

Tahadhari: stempu na muhuri vikiwa upande wa picha, na upande wa anwani ukiwa mtupu, kadi haikusafiri. Mtu aliipeleka posta igongwe muhuri wa kumbukumbu kisha akarudi nayo nyumbani. Usiandike "ilitumwa".

Muhuri wenye 軍事郵便 ni wa barua za kijeshi, zilizosafirishwa bure. Kadi hiyo haitakuwa na stempu, na hilo si kasoro.

## Hatua ya 6: Chunguza uchapaji, utenge nakala za kisasa

Weka lenzi juu ya eneo la kijivu, kama anga au ukuta. Kolotaipu, mbinu iliyotumika sana kwa kadi za picha za Japani, haina vitone vya mpangilio. Utaona chembechembe zilizojikunja kama minyoo midogo. Rangi za mkono zinavuka mipaka kidogo, nyekundu ya bendera ikimwagikia anga.

Litografia ina rangi zilizolala bapa moja juu ya nyingine. Ukiona vitone vya rangi nne vilivyojipanga kama maua madogo kwenye kadi inayodaiwa kuwa ya 1905, au vinyunyizo vya wino vilivyotawanyika ovyo kama vya printa ya nyumbani, simama hapo.

Kisha zima taa na uwashe tochi ya noti. Karatasi ya zamani hubaki hafifu, ya krimu au kahawia. Karatasi inayong'aa buluu-nyeupe ina dawa ya kung'arisha iliyoenea kuanzia miaka ya 1950. Usielekeze tochi machoni, na usiiache juu ya kadi zaidi ya sekunde chache, kwani rangi za mkono hufifia.

Umefaulu ukiwa na jibu la mbinu ya uchapaji, na karatasi isiyong'aa.

## Hatua ya 7: Sasa itazame picha

Umeistahili. Na sasa picha itathibitisha au itapinga uliyoyaandika.

Matao mengi ya 1905–1906 yalikuwa ya muda: fremu za mbao zilizovikwa majani mabichi, zikibomolewa baada ya sherehe. Yakiwa ya mawe ni nadra zaidi, na baadhi bado yamesimama, kama lile la Yamada, mjini Aira mkoani Kagoshima, lililojengwa 1906. Tramu za umeme zilianza Tokyo mwaka 1903. Askari mwenye helmeti ya chuma hawezi kuwa wa 1905. Ndege angani inakupeleka 1914 au baadaye.

Picha ikipingana na mgongo, rudi Hatua ya 3 kwenye tahadhari ya kumbukumbu.

Naomba pia usichukue umati ule kama ushahidi kwamba kila mtu alifurahi. Septemba 5, 1905, siku mkataba wa amani na Urusi uliposainiwa, watu walikusanyika bustani ya Hibiya, Tokyo, wakighadhibishwa na masharti yake, na ghasia zikasababisha vituo vya polisi kuchomwa. Gwaride la meli lililochapwa kwa fahari kwenye kadi lilifuata wiki saba tu baadaye.

Na ukiwa umeshika kadi ya Desemba 1937, kumbuka kwamba wakati kandili zinapita mitaani Tokyo, askari wa Japani walikuwa wakiua mateka na raia ndani ya Nanjing. Februari 18, 1942, Japani ilisherehekea ushindi wake wa Singapore. Siku hiyo hiyo mjini Singapore ilianza operesheni ya kuwakamata na kuwaua Wachina. Anayeiandikia kadi hiyo maelezo akaacha haya, ameandika maelezo ya waliotengeneza kadi tu. Sentensi moja inatosha, lakini iandike.

## Hatua ya 8: Andika rekodi, kisha uhifadhi

Rekodi nzuri inataja ushahidi kabla ya hitimisho. Mfano:

*"Sm 14 × 9. Mgongo haujagawanywa (1900–1907). Maneno: 觀艦式. Stempu ya sen 1½ upande wa picha, muhuri 38.10.23. Anwani tupu, haikutumwa. Kolotaipu, haing'ai kwenye tochi. Kumbukumbu ya gwaride la meli la ushindi, ghuba ya Tokyo, Oktoba 23, 1905."*

Mtu mwingine akiisoma anaweza kukagua kila neno. Ukibaki na shaka, iache shaka ionekane: "1933–1945, tukio halijatambuliwa" ni rekodi ya heshima.

Ongeza kadi ilikotoka. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana na Wajapani Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kama kadi imetoka kwenye sanduku la babu aliyekuwa huko, andika jina la familia, nani alisimulia na lini. Babu akiwa ameandika kitu juu ya kadi, kwa Kiswahili au lugha nyingine yoyote, usikifute.

Iweke kwenye mfuko wa poliesta au polipropilini. Epuka plastiki laini yenye harufu kali ya PVC, na albamu zenye kurasa za gundi. Zote hula karatasi. Wanaoishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, adui yenu ni unyevu: weka vipakiti vya silika ndani ya kisanduku, kisimame juu ya rafu mbali na ukuta wa nje, na kifunguliwe kila mwezi kukagua ukungu na wadudu. Silika ikishajaa unyevu, ibadilishe.

Namba ya rekodi iandikwe kwa penseli kwenye bahasha ya nje, kabla kadi haijaingizwa ndani, ili mkandamizo wa penseli usiache alama kwenye picha.